Hitilafu za Umeme wa Gatini kwenye Yoti ya Matanga: Dalili, Visababishi na Jinsi ya Kuvifuatilia

Yoti inapofunga kamba gatini na kuchomeka kebo yake kwenye kisanduku cha umeme cha marina, huunganishwa na mtandao uleule unaohudumia nyumba na karakana, isipokuwa hapa umeme huo hupita mahali penye chumvi, unyevu na mtikisiko usiokoma. Kabla ya kufika kwenye hita ya maji au chaja ya betri, umeme hupitia kisanduku cha gatini, plagi, kebo ndefu, soketi ya kuingilia iliyo pembeni mwa deki, waya wa ndani, swichi kuu, swichi ya mvujo (inayokata umeme unapovuja) na hatimaye paneli yenye breka za kila saketi. Kutafuta hitilafu ni kujua umeme ulikuwa mzima hadi kituo gani katika njia hiyo, na hilo hujulikana kwa kupima. Kubadilisha vifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha hula fedha na mara nyingi huacha hatari palepale ilipokuwa.

Vipimo nitakavyovitaja ni vya mfumo wa volti 230 wenye waya tatu: waya wa moto unaoleta umeme, nyutro inayourudisha, na athi ya usalama inayounganishwa na ardhi. Katika mifumo ya volti 120, kama ile ya Marekani, namba hubadilika lakini hoja hubaki ileile.

Kabla ya kufungua kifuniko chochote, zima breka ya gatini, chomoa plagi upande wa kisanduku kwanza, kisha upande wa chombo, ili kebo isining'inie juu ya maji ikiwa bado ina umeme. Zima pia inveta na jenereta, kwa sababu inveta inaweza kuleta volti 230 kwenye paneli kutoka kwenye betri hata kebo ya gatini ikiwa imelala kwenye sitaha. Hakikisha kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia volti na ukinzani, kwamba hakuna volti, na uijaribu multimita hiyo kwenye umeme unaojulikana kuwa upo, kabla na baada ya kipimo, ili usiamini sifuri ya kifaa kibovu. Asiyezoea kupima waya zenye umeme na afanye vipimo vya ukinzani tu, umeme ukiwa umekatwa, na vingine amwachie fundi.

Hakuna umeme kabisa ndani ya chombo

Anzia gatini, si kwenye paneli. Marina nyingi hutumia kadi au malipo ya awali, na breka ya kisanduku mara nyingi imefichwa chini ya kifuniko ambapo aliyetangulia kutumia soketi hiyo huenda aliiacha imekatika. Umeme ukiwepo, vipimo kwenye soketi ya kisanduku vinapaswa kuonyesha takriban volti 230 kati ya waya wa moto na nyutro, kiasi kilekile kati ya waya wa moto na athi, na volti chache tu kati ya nyutro na athi. Kipimo cha tatu hupuuzwa na wengi, ilhali ndicho kinachoeleza hali ya nyutro na athi kwa pamoja.

Ikiwa kati ya moto na nyutro hakuna kitu, lakini kati ya moto na athi kuna volti 230, nyutro imekatika mahali fulani kabla ya hapo ulipopima. Hali hii inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kila kifaa huonekana kimekufa huku waya wa moto ukiwa umefika kwenye vyote. Tahadhari nyingine ni kwamba multimita ya kidijiti inaweza kuonyesha volti 60 au 100 kwenye waya usiounganishwa na chochote, kwa sababu waya huo hupokea umeme kidogo kutoka kwa waya jirani. Taa ya majaribio, au multimita yenye uwezo wa kupima kwa ukinzani mdogo, huondoa shaka hiyo mara moja.

Kisanduku kikiwa salama, kebo ndiyo inayofuata. Ichomoe pande zote mbili na upime kila waya kutoka plagi hadi plagi. Kebo ya mita 25 yenye shaba ya milimita 2.5 za mraba inapaswa kuonyesha karibu omu 0.2 kwa kila waya, baada ya kuondoa ukinzani wa waya za multimita yenyewe. Wakati wa kupima, pindapinda kebo karibu na kila plagi, kwa maana waya hukatikia hapo, mahali inapopindwa kila siku, na kipimo kinachoruka unapoipinda kimekwisha kutoa jibu.

Kisha fungua soketi ya kuingilia kwa nyuma. Hapa ndipo maji ya mvua na ya mawimbi huingia kupitia mpira uliochakaa, na shaba isiyopakwa bati huwa nyeusi chini ya ganda lake hata pale ambapo ganda lenyewe linaonekana jipya. Kukaza skrubu juu ya shaba nyeusi hakusaidii kwa muda mrefu. Kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, weka ncha ya kubanwa kwa koleo, kisha uirudishe. Ikiwa chombo kina swichi ya kuchagua kati ya gati, jenereta na inveta, pima kabla na baada yake, maana miguso yake huungua bila kuacha alama yoyote kwa nje.

Swichi ya mvujo inakata

Hii ndiyo dalili inayowasumbua watu wengi zaidi, na ndiyo inayofasiriwa vibaya zaidi. Swichi ya mvujo hulinganisha umeme unaoondoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha kulinda watu, ni lazima ikate, na kwa kawaida inaruhusiwa kukata kuanzia nusu ya kiwango hicho, yaani miliampia 15. Kwa hiyo inapokata inasema jambo moja tu: kuna umeme unaorudi kwa njia isiyo yake, iwe ni athi, maji au mwili wa mtu. Haisemi kwamba mzigo umezidi. Kuiondoa au kuipita kwa waya ili hita ifanye kazi ni kuondoa kinga pekee iliyobaki kati ya hitilafu hiyo na mtu anayeshika kitu cha chuma akiwa na miguu mibichi.

Kwanza tambua ni swichi ipi inayokata. Ikiwa ya gatini inakata mara tu kebo inapochomekwa, hata upande wa chombo ukiwa haujaunganishwa, kosa liko kwenye kebo au plagi zake, na mara nyingi ni maji yaliyoingia ndani ya plagi. Ikiwa inakata kebo inapounganishwa na chombo huku swichi kuu ikiwa imezimwa, chunguza soketi ya kuingilia na kipande cha waya kilicho kabla ya swichi hiyo. Chunguza pia swichi kuu yenyewe, kwa sababu inapaswa kukata moto na nyutro kwa pamoja, lakini katika vyombo vya zamani huenda inakata moto peke yake. Kukata kunakofuata mvua au safari yenye mawimbi humaanisha maji kwenye soketi ya nje, na hapo hakuna haja ya kwenda mbali.

Sasa tuje kwenye kisababishi ambacho naona kinastahili muda mrefu kuliko vingine vyote, kwa sababu huwafanya watu watupe vifaa vizima. Nacho ni nyutro inayogusana na athi ndani ya chombo.

Katika mtandao wa nchi kavu, nyutro na athi huunganishwa mara moja tu, kwenye chanzo cha umeme. Zikiunganishwa tena ndani ya yoti, umeme unaorudi hugawanyika, sehemu ikipita kwenye nyutro na sehemu kwenye athi, na swichi huona upungufu. Muungano huo unaweza kuwa waya uliochubuka nyuma ya kabati, maji ndani ya soketi, au kipande cha waya kilichowekwa kwenye paneli na mtu aliyefuata desturi ya nyumbani. Dalili yake hupotosha, kwa kuwa kifaa chochote kitakachowashwa kitaonekana kuwa na hatia. Ukiwasha chaja, swichi inakata. Ukizima chaja na kuwasha birika, inakata tena. Mara nyingine inakata bila kifaa chochote kuwashwa, kwa sababu nyutro ya gatini huwa na volti chache dhidi ya athi kutokana na matumizi ya majirani, na volti hizo hutosha kusukuma umeme kupitia mgusano huo.

Jambo linalokamilisha upotoshaji huu ni breka za saketi. Nyingi kati ya zile zilizomo kwenye paneli za yoti hukata waya wa moto tu. Mwenye chombo huzima breka zote, huwasha moja moja, na swichi ya mvujo hukata katika hatua yoyote ile, naye hupata orodha ya washukiwa ambao kila mmoja ni mzima. Kuzima breka ya saketi yenye kosa hakuitengi saketi hiyo, kwa maana nyutro yake bado imefungwa kwenye baa ya nyutro, yaani kipande cha chuma ambapo nyutro zote hukutana.

Njia ya uhakika ni hii. Umeme wote ukiwa umekatwa na waya za inveta zikiwa zimeondolewa kwenye paneli, pima ukinzani kati ya baa ya nyutro na baa ya athi. Multimita inapaswa kuonyesha kwamba hakuna njia kabisa. Ikionyesha omu chache, au hata maelfu kadhaa ya omu, legeza waya za nyutro kutoka kwenye baa moja baada ya nyingine, ukiziwekea alama, na upime tena kila mara. Waya ambao kutolewa kwake kunarudisha kipimo katika hali nzuri ndio wa saketi yenye kosa, na sasa unaweza kuifuata saketi hiyo peke yake hadi mwisho. Hesabu ndogo husaidia kukisoma kipimo: kwa volti 230, miliampia 30 hupita kwenye ukinzani wa omu 7,700 hivi, na miliampia 15 kwenye omu 15,000 hivi. Hivyo namba inayoonekana kubwa bado inaweza kuwa ndogo mno.

Multimita ya kawaida hupima ukinzani kwa volti chache tu, kwa hiyo hugundua mgusano wa wazi lakini inaweza kukipitisha kifaa kinachovuja pale tu kinapopata volti kamili. Hapo ndipo mega, yaani kifaa cha kupima uhami kwa volti 500, inapohitajika. Tenganisha kwanza chaja, inveta na kila kitu chenye elektroniki, kisha unganisha moto na nyutro ya saketi pamoja na upime dhidi ya athi. Kipimo kilicho chini ya megaomu 1 hakikubaliki kwa saketi ya aina hii.

Kati ya vifaa vyenyewe, hita ya maji ndiyo ninayoishuku kwanza. Koili yake imezungushiwa unga wa magnesi oksidi ndani ya bomba la chuma, na unga huo hufyonza unyevu kupitia ncha zake, hasa chombo kinapokaa miezi bila kutumika. Bomba likipasuka au likiliwa na kutu, maji huingia moja kwa moja. Koili ya wati 1,200 ina ukinzani wa omu 44 hivi kati ya ncha zake mbili, lakini kipimo hicho kikiwa sahihi hakithibitishi uzima, maana koili inaweza kuchemsha maji vizuri huku ikivuja kwenye athi. Kipimo cha maana ni kati ya ncha na bomba lake. Ikiwa swichi inakata dakika kadhaa baada ya hita kuwashwa na si mara moja, pima tena koili ikiwa ya moto, kwa kuwa ufa hufunguka inapopanuka.

Ipo pia hali ambayo hakuna kifaa kibovu. Chaja, inveta na kompyuta za mkononi zina vichujio vinavyopeleka umeme kidogo kwenye athi kwa kawaida yake. Kila kimoja ni halali, lakini jumla yake ikikaribia miliampia 15 swichi huanza kukata ovyo, mara nyingi usiku unyevu unapoongezeka. Mita ya kubana waya yenye uwezo wa kusoma miliampia, ikizungushiwa waya wa moto na nyutro kwa pamoja, huonyesha jumla hiyo, na kuchomoa kifaa kimoja kimoja huonyesha mchango wa kila kimoja. Suluhisho ni kugawa saketi chini ya swichi zaidi ya moja.

Mwisho, kwa chombo chenye inveta inayochaji pia, zingatia sekunde za mwanzo. Inveta inapofanya kazi peke yake huunganisha nyutro na athi kwa relei yake, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na inapaswa kuutenganisha muungano huo kabla ya kuupokea umeme wa gatini. Relei iliyonata hufanya swichi ya gatini ikate kila inveta inapojiunga, kwa kawaida muda mfupi baada ya kebo kuchomekwa, huku chombo kikiwa shwari kabisa inveta ikitengwa.

Breka ya kawaida inakata

Hapa jambo ni jepesi zaidi. Breka inayokata baada ya dakika kadhaa imezidiwa mzigo, na inayokata papo hapo imekutana na shoti au na msukumo wa kuanzia. Baadhi ya marina hutoa ampia 6 au 10 tu. Hita ya wati 1,200 hula ampia 5.2, chaja inayotoa ampia 40 kwa betri ya volti 12 hula karibu ampia 3 upande wa gatini, na birika likiongezwa hapo hesabu imekwisha. Transfoma ya kutenganisha, ambayo hupitisha umeme bila waya za chombo kugusana na za gatini, huvuta umeme mwingi sana kwa sehemu ndogo ya sekunde inapowashwa, na breka ya gatini inaweza kukata ingawa hakuna kosa. Kifaa cha kuwashia polepole hutibu hali hiyo.

Plagi inachemka, au volti zinashuka

Gusa plagi zote mbili nusu saa baada ya kuwasha mzigo mkubwa. Uvuguvugu unakubalika, lakini plagi ya moto, yenye rangi ya kahawia kwenye plastiki au harufu ya kuungua, haipaswi kutumika tena. Mguso ulioharibika wa omu 0.1 tu, ukipitisha ampia 15, hutoa zaidi ya wati 22 za joto ndani ya nafasi ndogo iliyofungwa. Joto hilo hulegeza chemchemi ya mguso, ukinzani huongezeka, na joto nalo huongezeka, hadi plastiki ishike moto. Wala breka haitakata, kwa sababu kiasi cha umeme hakijazidi. Badilisha plagi na soketi yake pamoja, kwa kuwa pini mpya iliyoingizwa kwenye mguso uliochakaa huharibika upesi.

Kwa volti zinazoshuka, pima kwenye kisanduku na kwenye paneli, mzigo ukiwa umewashwa. Kebo ya mita 25 niliyoitaja hupoteza takriban volti 6 kwa ampia 16, na ile yenye shaba ya milimita 1.5 za mraba karibu 10. Ukiona upungufu unaozidi hapo, pima kituo kwa kituo hadi uone ni kipande kipi kinachoula. Ikiwa volti ni ndogo tayari kwenye kisanduku, tatizo ni la marina, na lililobaki ni kupunguza mzigo. Kebo ya ziada isiachwe imezungushwa kwenye gurudumu lake wakati wa mzigo mkubwa, maana joto halina pa kutokea.

Volti zinazopanda na kushuka kwa ghafla, taa zikiwaka kupita kiasi huku nyingine zikififia, ni jambo jingine kabisa. Gati linalolishwa kwa awamu tatu likipoteza nyutro yake ya pamoja, volti kwenye soketi moja zinaweza kupanda kuelekea 400. Zima swichi kuu mara moja, jitenge na gati na uwaarifu wahusika, bila kujaribu kupima tena ukiwa umeunganishwa.

Taa ya moto na nyutro kubadilishana inawaka

Taa hii ya onyo kwenye paneli husema kwamba waya wa moto na nyutro zimebadilishana nafasi. Plagi za duara zinazotumika katika nchi kadhaa za Ulaya huingia kwa namna mbili, na baadhi ya visanduku vimefungwa kinyume. Vifaa vitafanya kazi kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa breka inayokata waya mmoja sasa inakata nyutro, na kifaa kilichozimwa bado kina umeme ndani yake. Geuza plagi ikiwezekana, au tumia kipande cha kebo kilichogeuzwa kwa makusudi na kuandikwa wazi, kisha kihifadhi mbali na kebo ya kawaida ili kisitumike mahali pengine. Tiba ya kudumu ni breka zinazokata waya zote mbili.

Betri hazijai ingawa umeme upo

Pima kwenye nguzo za betri yenyewe. Betri ya risasi ya volti 12 inayochajiwa inapaswa kuonyesha zaidi ya volti 13, na ikikaa kwenye 12.7 au chini basi chaja haifikishi kitu. Angalia breka ya chaja, kisha fyuzi iliyo kati ya chaja na betri, ambayo husahaulika kwa kuwa iko mbali na paneli. Chaja iliyofungwa kwenye kabati lisilo na hewa hupunguza nguvu yake kila joto linapopanda.

Anodi zinaisha haraka

Waya wa athi huunganisha rafadha na shafti yako na vyuma vya majirani wote na pengine na chuma cha gati lenyewe, na anodi zako, yaani vipande vya zinki vinavyoliwa majini badala ya vyuma vingine, huanza kuwalinda wote. Wapo wanaokata athi ili kuziokoa. Hilo lisifanyike kamwe. Chaja ikipata hitilafu bila athi, umeme hukaa kwenye rafadha na kutafuta njia kupitia maji, na katika maji yasiyo na chumvi, ambayo hupitisha umeme vibaya kuliko mwili wa binadamu, muogeleaji aliye karibu hupoteza uwezo wa misuli yake na kuzama. Kwa sababu hiyo pia, usiogelee mahali palipo na umeme wa gatini.

Zungushia mita ya kubana waya kebo nzima, waya zote tatu ndani yake. Isome sifuri. Isiposoma sifuri, kuna umeme unaopita majini. Zima vifaa kimoja kimoja uone kipi kinaipunguza, na ikiwa kipimo hakibadiliki hata chombo kizima kikiwa kimezimwa, umeme huo unakuja kutoka nje kwa njia ya athi.

Kinga halali ya anodi ni transfoma ya kutenganisha, au kitenganishi cha galvani, ambacho kwa dayodi zake (vijenzi vinavyopitisha umeme kuelekea upande mmoja tu) huzuia tofauti ndogo za volti, hadi karibu 1.2, lakini huruhusu umeme wa hitilafu upite. Kikague kebo ikiwa imechomolewa, kwa kipimo cha dayodi, ukiwa umetoa waya za upande mmoja. Kwa kila mwelekeo, ukibadilishana ncha za multimita, kinapaswa kuonyesha karibu volti 0.9 hadi 1.2, na chenye kapasita ndani huanza chini na kupanda polepole. Sifuri humaanisha dayodi zimeungana na hazizuii chochote. Kisipoonyesha njia kwa mwelekeo wowote, athi ya chombo chako imekatika, na kebo isichomekwe hadi kibadilishwe. Baada ya kukirudisha, pima athi kutoka pini ya plagi hadi kwenye kitenganishi, kisha kutoka kitenganishi hadi kwenye kasha la hita na la chaja, ukifanya vipande viwili kwa sababu kipimo cha omu hakisomeki sawasawa kupitia dayodi. Ndipo uchomeke kebo, upande wa chombo kwanza, na ubonyeze kitufe cha majaribio cha swichi ya mvujo kabla ya kuwasha saketi yoyote.